Akiba ya Miunganisho Itunzwe na Nani?



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maoni juu ya chakula cha bwalo, michezo, na faida za kilimo. Safari hii naomba nafasi niseme juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, lakini linalomgusa kila mtu aingiaye chumba cha kompyuta au ashikaye simu. Jambo lenyewe ni hili: programu hufungua njia za kuzungumza na kompyuta za mbali. Njia hizo zikiisha kutumika, je, zifungwe au ziwekwe akiba? Na zikiwekwa akiba, nani awe mtunzaji?

Rai yangu naitoa mapema ili msomaji ajue niendako. Naona akiba ya miunganisho itunzwe na kiolesura chenyewe, yaani ile sehemu ya mfumo ambayo programu huikabidhi kazi ya kusafirisha maneno yake. Isiachwe kwa kila mtunga programu kujitengenezea ya kwake. Lakini mtunzaji huyo asifanye kazi gizani. Hapana budi aambiwe mambo machache ambayo hawezi kuyajua mwenyewe, na asipoambiwa asibahatishe.

Kwanza tuelewe kwa nini muunganisho ni mali ya kutunzwa. Programu ikitaka kusema na seva kwa itifaki iitwayo TCP, haianzi kusema papo hapo. Hupiga hodi, ikangoja. Seva huitikia karibu. Ndipo programu huingia. Tena, ikiwa maneno ni ya siri, pande mbili hizo hukubaliana funguo za kufungia siri hiyo kwa itifaki ya TLS. Katika TLS 1.2 makubaliano hayo yalihitaji safari mbili za kwenda na kurudi. Katika TLS 1.3, iliyotangazwa mwaka 2018, yanahitaji safari moja. Baada ya hayo yote ndipo ombi lenyewe linapotumwa.

Tufanye hesabu ndogo. Nuru ndani ya nyuzi za kioo hukimbia karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Ikiwa seva iko mwisho wa njia yenye urefu wa kilometa 10,000, kwenda na kurudi ni kilometa 20,000, yaani sekunde 0.1, hata kama njiani hakuna foleni yoyote. Hodi ni safari moja. Makubaliano ya siri, kwa TLS 1.3, ni safari ya pili. Ombi na jibu lake ni safari ya tatu. Jumla ni sekunde 0.3, na theluthi mbili za muda huo hazikubeba hata neno moja tulilolitaka.

Sasa programu ikihitaji vitu 30, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja ikafungua muunganisho mpya, itatumia sekunde 9. Ikifungua mara moja na kuutumia muunganisho ule ule, itatumia sekunde 0.3 kwa kitu cha kwanza na sekunde 0.1 kwa kila kimoja cha vile 29 vilivyobaki. Jumla ni sekunde 3.2. Laini ni ile ile, seva ni ile ile, bei ya intaneti ni ile ile. Kilichobadilika ni utunzaji tu.

Si hayo tu. Muunganisho mpya wa TCP ni kama mgeni asiyeijua njia: huanza kwa hadhari. Kwa ushauri uliotolewa mwaka 2013 hutuma pakiti zipatazo kumi, kisha hungoja habari kwamba zimefika ndipo aongeze. Muunganisho uliokwisha kutumika umeijua njia, nao hubeba mizigo mikubwa zaidi kwa mara moja. Anayeufunga anaitupa elimu hiyo.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi hasa. Mtu akaaye kilometa 100 tu kutoka kwenye seva yake, safari yake ya kwenda na kurudi ni sekunde 0.001. Akipoteza safari mbili kwa hodi na makubaliano, amepoteza sekunde 0.002, wala hawezi kuziona. Sisi tulio mbali tunapoteza 0.2 pale yeye anapopoteza 0.002, yaani mara mia. Kabla mikongo ya baharini ya SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 haijafika pwani ya Afrika Mashariki, mawasiliano mengi ya nje yalipita kwenye satelaiti zilizo juu ya ikweta kwa karibu kilometa 36,000. Ishara ilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na safari moja ikala karibu nusu sekunde. Mikongo imetusogeza karibu, lakini haikuufuta umbali. Basi programu iliyotungwa ovyo na mtu aishiye jirani na seva haimdhuru yeye, yatuumiza sisi. Ndiyo maana nasema jambo la akiba si la mafundi peke yao.

Ni kweli kwamba mafundi waliliona jambo hili zamani. Katika HTTP/1.0, iliyoandikwa mwaka 1996, desturi ilikuwa kufungua muunganisho kwa kila kitu na kuufunga mara kikiisha kupatikana. HTTP/1.1 ya mwaka 1997 iliifanya desturi kuwa kinyume chake: muunganisho ubaki wazi mpaka mmoja aseme ufungwe. Mwaka 2015 ikaja HTTP/2, ambayo muunganisho mmoja hubeba maombi mengi kwa pamoja. Mwaka 2021 ikatangazwa itifaki ya QUIC, ambayo pakiti ya ombi moja ikipotea haiyazuii maombi mengine yaliyomo katika muunganisho ule ule.

Wengine husema kwamba, kwa kuwa muunganisho mmoja sasa wabeba mengi, habari ya akiba imekwisha. Mimi sioni hivyo. Hata kama muunganisho ni mmoja, bado yabaki maswali: nani aruhusiwe kuutumia? Ufungwe lini? Ukikatika katikati ya kazi, ifanywe nini? Maswali hayo ndiyo akiba yenyewe. Hesabu ya vitu vilivyomo stoo ikipungua, kazi ya mtunza stoo haiishi.

Sasa nije kwenye hoja ya mtunzaji. Kiolesura cha soketi, ambacho programu nyingi hukitumia hadi leo, kilitoka Chuo Kikuu cha California huko Berkeley katika mfumo wa 4.2BSD, mwaka 1983. Ni kazi njema mno, na imedumu. Lakini soketi humpa mtunga programu bomba moja tu, ikamwambia: fungua, tia, toa, funga. Juu ya akiba haisemi kitu. Basi kila mmoja akajitengenezea akiba yake. Programu moja yaweza kuwa na maktaba tatu ndani yake, kila maktaba ina akiba yake, na hakuna inayojua habari za mwenzake.

Mfano wake tunao hapa shuleni. Tuseme kila chumba cha bweni kiamue kuweka majembe yake chini ya vitanda badala ya stoo. Chumba kimoja kitakuwa na majembe kumi yasiyotumika, na chumba cha pili hakina hata moja. Mpini ukivunjika hakuna ajuaye. Siku ya kazi za mikono ikifika, wengine watalima na wengine watasimama. Tukiwa na stoo moja yenye mtunzaji na daftari, jembe likirudishwa hukaguliwa, lililovunjika huwekwa kando, na lililo zima hupewa ajaye. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukaguzi huo wakati wa kurudisha ndio kiini cha kazi. Muunganisho wowote uliomo akibani unaweza kuwa mbovu kwa njia mbili, na zote mbili ni za hatari.

Njia ya kwanza ni kufa bila kutoa taarifa. Seva nyingi hufunga miunganisho iliyokaa kimya. Seva ya Apache, kwa mpango wake wa kawaida, hungoja sekunde 5 tu. Vile vile katikati ya njia kuna vyombo vinavyogawa anwani, navyo huusahau muunganisho uliokaa kimya. Mwaka 2008 ilishauriwa kwamba vyombo hivyo visiusahau muunganisho wa TCP kabla ya saa 2 na dakika 4 kupita, lakini si vyote vinavyotii. Basi programu huchukua muunganisho akibani ikidhani u hai, kumbe ni mzoga.

Njia ya pili ni mbaya kuliko hiyo: muunganisho u hai, lakini mchafu. Tarehe 20 Machi 2023 kampuni ya OpenAI ya Marekani ililazimika kuizima huduma yake ya ChatGPT kwa muda, kwa sababu watumiaji wengine waliona vichwa vya mazungumzo ya watu wasiowajua. Chanzo kilikuwa akiba ya miunganisho. Katika maktaba iitwayo redis-py kulikuwa na hitilafu: ombi likifutwa baada ya kutumwa na kabla jibu halijapokewa, muunganisho ulirudishwa akibani na jibu lile likiwa bado njiani. Aliyefuata kuuchukua akauliza lake, akapewa la mwenzake. Kampuni ilieleza kwamba habari za malipo za asilimia 1.2 ya wateja wa kulipia waliokuwa wakiitumia huduma katika muda fulani wa saa 9 huenda zilionekana na wengine: majina, anwani, na tarakimu nne za mwisho za kadi.

Tazameni basi, wenzangu. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Jembe lilirudishwa na uchafu wake, halikukaguliwa, likapewa mtu mwingine.

Najua wapinzani wangu watalishika neno hili. Watasema, mtunzaji huyo ndiye aliyekosa, mbona unataka tumkabidhi kazi yote? Nawajibu hivi. Mtunzaji mmoja akikosa, kosa lake huonekana, husahihishwa mara moja, na wote waliomtegemea hupona kwa pamoja. Kama kila mtu angekuwa na akiba yake aliyoitunga usiku akiwa na usingizi, kosa lile lile lingelala mahali elfu, na hakuna ambaye angelijua. Sidai kwamba mtunzaji wa pamoja hakosei. Nadai kwamba makosa yake hutibika.

Wapo pia wasemao kinyume: kiolesura kifanye yote na kimfiche mtunga programu kila kitu, asisumbuliwe. Hao nao sikubaliani nao. Yapo mambo manne ambayo mtunzaji hawezi kuyajua asipoambiwa.

La kwanza ni wenyewe wa njia. Mwanafunzi akimaliza kusoma matokeo yake katika kompyuta ya shule, na mwingine akaketi palepale, je, wa pili apewe muunganisho wa wa kwanza? Kwa haraka, ndiyo. Kwa siri, hasha. Kiolesura hakiwezi kujua kwamba aliyeketi ni mtu mwingine. Mtunga programu ndiye ajuaye, naye sharti awe na njia ya kusema: hizi ni za huyu, zisichanganywe na za yule. Na kama hakusema, mtunzaji atenganishe. Heri kuchelewa sehemu ya sekunde kuliko kusoma barua ya mwenzako.

La pili ni kurudia. Muunganisho wa akiba ukikatika mara tu baada ya kutuma, mtunzaji hajui kama ombi lilifika. Je, alitume tena kwa muunganisho mwingine? Ikiwa ombi ni la kusoma ukurasa, hakuna ubaya. Kusoma mara mbili hakumdhuru mtu. Ikiwa ni la kulipa nauli ya basi kwa simu, kurudia ni kulipa mara mbili. Mfikirieni mzazi aliyeweka akiba mwezi mzima ili mtoto wake arudi shuleni, na programu ikamtoa nauli mbili kwa sababu ilidhani inamsaidia. Kwa hiyo kila ombi libebe alama: hili laweza kurudiwa, au hili lisirudiwe bila idhini.

La tatu ni mpangilio. Akiba ikiwa na miunganisho kadhaa, ujumbe wa kwanza waweza kupita njia moja na wa pili njia nyingine, na wa pili ukatangulia kufika. Kwa picha za ukurasa haidhuru. Kwa maneno ya mazungumzo, ni vurugu: jibu litatangulia swali. Mtunga programu aseme kama mpangilio ni lazima, na ikiwa ni lazima, ujumbe wake usitawanywe.

La nne ni kiasi na subira. Kiasi kisipowekwa, akiba hugeuka ulafi. Chukueni mfano wa PostgreSQL, programu ya kutunza kumbukumbu. Kwa mpango wake wa kawaida hupokea miunganisho 100 tu kwa wakati mmoja. Kompyuta 10, kila moja ikiweka akiba ya miunganisho 20, zitaomba 200, na nusu zitakataliwa mlangoni ingawa nyingi ya zile zilizoingia zimekaa bure. Kwa HTTP, mashauri ya mwaka 1999 yalisema programu isizidishe miunganisho 2 kwa seva moja. Baadaye vivinjari vingi vikazoea 6. Na mashauri ya mwaka 2014 hayakutaja tena idadi maalumu. Hiyo yaonyesha kwamba hakuna namba moja ifaayo kila mahali. Lakini kuwe na kikomo, na anayengoja zamu yake ajue atangoja kwa muda gani kabla ya kuambiwa imeshindikana. Kungoja bila mwisho si subira, ni kusahauliwa.

Nafurahi kuona kwamba rai hii si ndoto ya mwanafunzi tu. Januari 2025 jumuiya ya IETF, ambayo huandika kanuni za intaneti, ilitoa hati tatu juu ya kiolesura kipya cha usafirishaji, RFC 9621, 9622 na 9623. Katika kiolesura hicho mtunga programu hashiki tena bomba tupu. Anasema anataka kumfikia nani na kwa sifa gani, na mfumo humchagulia njia. Imo sifa ya kutenga kikao, ili muunganisho mpya usitumie kumbukumbu za miunganisho isiyo ya kundi lake. Imo alama ya ujumbe unaoweza kurudiwa bila madhara. Imo sifa ya kulinda mpangilio. Tena hati ya utekelezaji yaeleza jinsi mfumo unavyoweza kushika miunganisho kadhaa chini yake, huku mtunga programu akionyeshwa mmoja tu, maadamu hakudai mpangilio.

Nayasifu hayo, lakini nina neno moja la kuongeza. Hati ikisema mfumo "waweza" kufanya jambo, mtunza stoo mvivu atasoma kwamba si lazima. Mimi ningependa waundaji wa violesura waandike wazi katika maelezo yao: akiba yetu hukagua muunganisho unaporudi, uliobaki na jibu lisilochukuliwa huutupa, haichanganyi wenyewe wawili, nacho kikomo chetu ni hiki. Mtunga programu akijua hayo ataweza kuamini. Asipoyajua atajitengenezea akiba yake kwa siri, nasi tutarudi kule kule kwenye majembe ya chini ya kitanda.

Basi, wenzangu mnaotaka kujifunza utungaji wa programu, msione fahari kujenga kila kitu wenyewe. Ulizeni kwanza kama mtunzaji yupo, na kama yupo, ulizeni kanuni zake. Mkipewa kazi ya kuwa watunzaji, kumbukeni kwamba watakaoumia kwa uzembe wenu ni wale walio mbali na seva na wale wasio na fedha ya kulipa mara mbili. Atengenezaye njia ya wote na aipime kwa mwendo wa aliye mbali zaidi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne